Nira Hulipwa Kabla ya Maili

Naikumbuka siku moja, mjukuu wangu, nilipokuwa nimesimama mbele ya rundo la miti yangu mwenyewe, shilingi kumi mfukoni, nikitabasamu kama mtu anayengoja kurudishiwa chenji. Tabasamu lenyewe halikudumu. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia ukiilalamikia ile hesabu yako ya maneno: teksi inatoza kadhaa ya kupanda, halafu kadhaa kwa kila kilomita. Ukatupa kalamu ukasema, "Kwani nani anaishi hivi?" Mimi, mwanangu. Mimi niliishi hivyo, ila hapakuwa na teksi. Palikuwa na gari la ng'ombe.

Siku hizo mashamba ya ngano yote yalikuwa ya Wazungu, na Eldoret wazee bado waliiita Sikstifoo, kwa namba ya shamba lililozaa mji. Babangu alikuwa ametoka Magharibi kutafuta kazi, tukakaa upande wa Yamumbi. Mimi nilisoma hadi kidato cha pili, karo ikaisha, nikarudi nyumbani. Nikisema nilihuzunika sana nitakuwa nimekudanganya. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu tumboni. Mama alikuwa akisema nilichelewa kuzaliwa wiki mbili nzima, kwa kupapenda nilipokuwa.

Basi nilirudi na suruali moja nzuri, kalamu mfukoni, na hesabu nyingi kichwani. Na nikamchumbia Salome, yule bibi yako anayejifanya hasikii tukiongea. Babake, Mzee Yohana, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache yenye uzito. Akaniambia, "Kijana, posa nimeikubali. Lakini binti yangu hatakuja kulala kwa mama mkwe kama mgeni. Siku ya harusi nitakuja mwenyewe. Nikikuta nyumba, tutakula. Nikikuta maelezo, nitarudi naye."

Nyumba ilihitaji miti ya miwati. Niliipata, imekatwa vizuri, maili mbili kutoka kwetu. Kilichobaki ni kuisafirisha. Mwenye gari la ng'ombe pale karibu alikuwa mmoja tu, Mzee Kipsang wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa amemwendeshea Kaburu mmoja magari miaka mingi mpaka akanunua gari kuukuu lake mwenyewe na ng'ombe wanane.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nililifanya nimekaa. Badala ya kuvuka kijito nikamuulize Mzee Kipsang bei yake, nilibaki juu ya kigoda jikoni kwa mama. Wewe unaijua baridi yetu ya asubuhi, inavyouma masikio kama ina meno. Nikajiambia, kuuliza kwa nini na mimi nimesoma? Mwaka uliopita babangu alikodi gari lilelile kutoka mjini hadi mbele ya Chepkoilel, maili kumi na mbili, akalipa shilingi tisa. Basi nikagawanya. Tisa kwa kumi na mbili: senti sabini na tano kwa maili. Safari ya maili mbili itakuwa shilingi moja na nusu.

Gari lile lingeweza kuimaliza miti yote kwa safari mbili. Lakini mimi ndiye wa kupakua, na mgongo wangu niliupenda. Nikaipanga safari sita, kidogo kidogo, siku mbalimbali, nipate kupumzika na kunywa chai katikati. Sita mara moja na nusu: shilingi tisa. Nilikuwa na kumi. Moja itabaki ya sukari.

Mama alikuwa akichagua maharagwe. Akauliza, "Umemuuliza mwenyewe?"

"Mama, hesabu haiulizwi, hukokotolewa. Tena haba na haba hujaza kibaba."

Alilichukua lile neno akaliweka akiba.

Nikamtuma baba na ujumbe, Mzee Kipsang akakubali: malipo safari zikiisha. Miti ikaja. Siku ya sita nikapakua mti wa mwisho, nikajifuta jasho, nikamhesabia shilingi tisa kwa madaha.

Mzee Kipsang akazitazama. Yeye aliniita Karani kwa sababu ya ile kalamu. "Karani, hii ni pesa ya safari mbili, na shilingi moja juu. Ile ingine iko wapi?"

"Ndiyo yote, Mzee. Maili kumi na mbili, shilingi tisa. Bei uliyomtoza baba."

"Baba yako nilimfungia ng'ombe mara moja. Wewe nimekufungia mara sita."

Sikuelewa. Akageuka kwa mama aliyekuwa na ungo wake wa maharagwe pale mlangoni. "Mama, nikopeshe maharagwe kidogo. Kijana yako hajamaliza shule."

Akachuchumaa, akapanga maharagwe matatu chini. "Hii ni nira. Shilingi tatu. Ng'ombe imefungwa, gari bado imesimama, hujaenda mahali. Umesikia? Halafu maili moja, thumuni. Maili mbili, shilingi." Akaongeza haragwe moja. "Safari yako, nne. Baba yako: nira moja, shilingi tatu, maili kumi na mbili ni sita. Tisa. Sasa hesabu yako wewe mwenyewe."

Nikapanga mafungu sita ya maharagwe manne manne. Nilipofika fungu la tatu masikio yalishaanza kuwaka moto. Ishirini na nne.

Mwanangu, darasani mwalimu wetu alikuwa amechora mstari ubaoni, ukaanza juu kidogo ya sifuri kisha ukapanda. Aliandika y ni sawa na m mara x kujumlisha c. Niliinakili kwa mwandiko mzuri. Lakini sikuwa nimejua kwamba ile c ina pembe na hula majani. Ile ndiyo nira: pesa unayolipa kabla gurudumu halijageuka. Mimi nilikuwa nimeichukua nira ya baba nikaisaga ndani ya maili, kama kwamba kila maili imejifunga ng'ombe yenyewe.

"Mimi nilijua haba na haba," nikasema kwa sauti ndogo.

"Mimi najua bandu bandu huisha gogo," akasema Mzee Kipsang. Na mama, bila kuinua macho kwenye ungo, "Hesabu haiulizwi, hukokotolewa."

Nikampa na ile shilingi ya sukari. Zikabaki kumi na nne, na sikuwa na hata senti nyingine. Akasema, "Basi nipakie miti nirudishe."

Mama akauliza, "Na kuirudisha nayo ina nira?"

"Iko."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Harusi ilikuwa imebakiza siku thelathini, na kichwani nilishamwona Mzee Yohana mlangoni, amevaa kofia yake ya Jumapili, amekuta maelezo.

Kwa uchungu nikaropoka neno ambalo hata leo likinijia usiku najifunika blanketi. "Lakini Mzee, shilingi tatu za kufunga ng'ombe tu? Na gari halijatembea?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama ndama aliyezaliwa na miguu mirefu. "Kuja ufunge wewe. Kesho saa kumi na moja. Kila asubuhi nakukatia thumuni. Miti jenga nayo, lakini ni yako ukimaliza deni."

Safari hii nilihesabu vizuri, nawe hesabu pamoja nami. Naanzia kumi na nne, nashuka thumuni kila asubuhi. Ya kwanza, kumi na tatu na thumuni. Ya pili, kumi na tatu. Nitagusa chini asubuhi ya ishirini na nane. Harusi ni ya thelathini. Mstari uleule wa mwalimu, ila huu umeinamisha kichwa.

Basi nikaamka, mimi mtu wa kigoda. Nilidhani kufunga ng'ombe ni kuwaita. Kwanza uwatafute kwenye ukungu, umande umekulowesha hadi magotini. Kila ng'ombe ana jina, na mwenzake wa kufungwa naye, na upande wake, wa kushoto au wa kulia. Ukikosea upande anasimama kama ukuta. Kuna mikanda ya ngozi iliyokauka kwa baridi, ya kulainishwa kwa mikono. Kuna mnyororo mzito wa kunyoosha. Na kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu ambaye kila asubuhi alijificha nyuma ya kichuguu, ametulia tuli, akiamini kwamba asipotikisika haonekani. Nikauliza jina lake.

"Huyo?" akasema Mzee Kipsang. "Huyo ni Karani."

Jua lilipochomoza, gari likiwa bado halijasogea hatua moja, nilikuwa nimechoka kuliko mtu aliyetembea mpaka mjini na kurudi. Sikuuliza tena habari ya shilingi tatu.

Mchana nilijenga. Ukuta wa kwanza ulipokauka nikachora juu yake mstari wangu kwa mkaa, ukishuka siku kwa siku. Siku ya tisa mvua ilinyesha, nikabaki kitandani. Salome akapita kumsalimu mama, akauona ukuta.

"Na hapa mstari umelala kwa nini?"

"Ni siku niliyolala mimi."

"Basi usilale tena. Sitaki kuzeekea kwa baba."

Sikulala tena. Asubuhi ya ishirini na tisa mkaa wangu uligusa chini. Jioni ileile nikatundika mlango, umepinda kidogo, lakini unafunga.

Asubuhi ya harusi niliikunja suruali yangu nzuri hadi magotini, nikaenda kuwafunga ng'ombe wamlete bibi harusi. Karani nilimtoa kwenye kichuguu kama ndugu. Mzee Kipsang akaja akakuta kila kitu tayari, akaniuliza kwa mtego, "Kutoka kwa Mzee Yohana ni maili tano. Utalipa ngapi?"

"Tatu za nira, na mbili na nusu za maili. Shilingi tano na thumuni." Mama alikuwa amenikopesha sita, zimefungwa kwenye leso.

"Nani amefunga ng'ombe leo?"

"Mimi, Mzee."

"Basi nira ni yako. Lipa maili."

Shilingi mbili na thumuni. Mwendo uleule, ila mstari ulikuwa umeanzia chini, penye sifuri. Mzee Yohana aliposhuka garini aliingia ndani, akagonga miti kwa fimbo, akasukuma mlango mara mbili, akasimama mbele ya ule mstari wa mkaa.

"Hii ni nini?"

Nikafungua mdomo. Salome akanikanyaga mguu.

"Ni nyumba, baba," akasema.

"Haya," akasema mzee. "Tule." Wiki iliyofuata bibi yako aliukandika mstari wangu kwa udongo, akaniambia nyumba ni ya watu, si ubao.

Kwa hiyo, mwanangu, okota hiyo kalamu. Ukipewa bei yoyote, ya teksi au ya maisha, uliza mambo mawili: nalipa nini kabla sijasogea, na naongeza nini kwa kila hatua? Usigawanye cha kwanza ndani ya cha pili, utapotea kama mimi. Ukishalipa nira, nenda mbali, usifungue na kufunga kila siku kwa kuogopa kuchoka. Na usimdharau anayefanya kazi kabla gari halijaondoka, anayewasha moto kabla hujaamka. Na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Vuka kijito, hata kama kuna baridi.

Mungu akufungulie asubuhi njema. Nira utakayovaa ikutoshe shingo, maili zako ziwe nyingi, na mwisho wa safari ukute nyumba, usikute maelezo.