Gari Lililonukia Mafuta ya Papa

Asubuhi ile bado naikumbuka, mwanangu, na nikifumba macho naiona vizuri kuliko ninavyokiona kikombe hiki cha kahawa: mashua ya baba yangu ikipita juu ya vichaka vya migunga, mbali kabisa na bahari, na baba mwenyewe ameketi ndani yake, kofia imemkaa upande, mkono mmoja juu ya ukingo. Majani yalikuwa marefu pande zote mbili za barabara. Mtu aliyesimama pembeni hakuliona gari wala trela, aliiona mashua tu, inakwenda polepole juu ya majani. Wachungaji wa ngamia walisimama wakaitazama. Mimi ndiye niliyeshika usukani, kijana wa miaka ishirini na kitu, majivuno yamenijaa hadi puani.

Nakuambia habari hii kwa sababu umeniletea kwenye simu picha za magari mawili yaliyotumika. Unataka gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ulifunge trela nyuma, uzichukue mashua za faiba kutoka hapa Kismayo uzipeleke kwa watu wa mtoni, safari za siku mbili tatu njiani. Umeniuliza lipi zuri. Nimeziangalia picha zako, nikazikuza kwa vidole kama mlivyonifundisha. Yote mawili yanang'aa. Gari linalong'aa mimi hunitia wasiwasi, na ngoja nikueleze kwa nini, nawe usinihimize, kahawa bado ipo.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashua. Kazi alijifunza kisiwani Koyama kwa babu yake, kisha akahamia Kismayo na tezo lake la kuchongea mbao begani. Siku hizo ninazokusimulia, kabla ya vita, macho yake yalikuwa yanazima. Hayakuzima kwa ghafla. Kwanza aliacha kuiona pamba ya kuzibia mianya ya mbao, akawa anaipapasa. Kisha akaacha kuiona misumari. Kisha akawa ananijua mimi kwa mwendo wangu, si kwa uso. Akasema mashua aliyokuwa akiiunda wakati huo ndiyo ya mwisho.

Mashua hiyo iliagizwa na watu wa mtoni, mbele ya Jilib, waliotaka chombo cha kuvushia watu kwenye mto Juba. Kuipitisha mdomo wa mto ilikuwa hatari, maana pale pana fungu la mchanga na mawimbi makubwa, kwa hiyo ikabidi iende kwa barabara. Baba hakuwa na hamu ya jambo jingine lolote. Maisha yake yote mashua zake zilishuka baharini. Hii ingeshuka kwenye maji matamu, baina ya migomba, naye alitaka kuiona ikikaa juu ya maji hayo kabla giza halijamfunga.

"Niwahishe tu, babangu," aliniambia. "Nione imekaaje, basi."

Kazi yangu mimi ilikuwa kutafuta gari.

Wakati huo magari mawili yalikuwa yakiuzwa. La kwanza lilitoka bara, lilikokuwa likivuta tangi la maji ya kunyweshea ngamia. Lilikuwa baya, jamani! Bodi imebonyea kila upande, rangi imechunika, viti vimepasuka, na ndani kulinuka mbuzi. La pili lilikuwa la mvuvi mmoja wa pwani, aliyelitumia miaka mingi kushushia mashua na kuzipandishia. Kila siku alilirudisha kinyumenyume ndani ya bahari hadi trela lizame na mashua ielee juu yake. Lilikuwa na rangi mpya ya buluu. Nikainama kuchungulia chini, na harufu iliyonipokea ilikuwa ya mafuta ya papa. Mwenyewe alikuwa amelipaka tumbo lote mafuta na chokaa, vile vile tunavyopaka mashua. Mwanangu, nilikaribia kulia. Lilinukia nyumbani kwetu. Lilinukia mikono ya baba.

Wewe umezaliwa wakati wa faiba, hili hulijui. Mashua ya mbao haiozeshwi na maji ya bahari, inaozeshwa na maji ya mvua. Chumvi huikaza mbao ikaishi. Ni pale mvua inapoingia ndani na kutuama ndipo uozo unapoanza. Ndiyo maana baba alinifundisha tangu utotoni kuzimwagia mashua maji ya bahari zikiwa juu pwani. Na ndiyo maana ile mashua ya mtoni tuliitilia gunia zima la chumvi ya mawe, ili wenyewe wawe wakiipaka kwa ndani, kwa vile itaishi kwenye maji yasiyo na chumvi.

Basi nikafikiri, na nilidhani nafikiri vizuri sana. Gari hili limeoga bahari miaka yote, nikasema, limekwisha kukolea chumvi. Lile la bara halijawahi hata kuionja, litaoza upesi. Cheka tu, mwanangu. Nami siku hizi hucheka, nikiwa peke yangu.

Pale mjini palikuwa na fundi wa malori, mtu wa bara, jina lake Warsame. Baba aliniambia niende naye, nami nikaenda naye shingo upande. Warsame alilizunguka gari la buluu mara moja, akatandika gunia chini, akatoa nyundo ndogo.

"Adeer," akaniambia, kwa lile neno lao la kuitana ami na mwana, "niache nilale chini yake nigonge kidogo."

Maneno niliyomjibu nayaonea haya hadi leo. Nilimwambia, "Wewe mtu wa ngamia unajua nini cha bahari? Sisi chombo tunakijua kwa kukinusa."

Hakukasirika. Alilikunja gunia lake, akaiweka nyundo kwapani, akanitakia heri akaenda zake. Lile gari la mbuzi alilinunua yeye.

Usidhani yule mvuvi alinidanganya. Alilipenda gari lake kama alivyopenda mashua zake, na lile tumbo alilipaka kwa nia safi kabisa. Tulikuwa wajinga wawili wa ujinga mmoja, tukapeana mikono.

Tuliondoka siku chache kabla ya masika. Baba alikataa kukaa mbele, akasema gari humchafua roho. Akapanda ndani ya mashua yake, akalikalia gunia la chumvi, na hivyo ndivyo tulivyokwenda. Sijapata tena asubuhi kama ile. Yangeyange, wale ndege weupe, waliruka pembeni yetu, vumbi jekundu likaning'inia nyuma, na kila nilipotazama kwenye kioo nilimwona baba amenyanyua uso, anatabasamu kwa kitu ambacho mimi sikukiona. Nilijiona mwana mwema kuliko wana wote wa pwani hii.

Tukafika kwenye kilima cha mchanga. Nikaingiza gia ya nguvu, na injini ikavuta vizuri, nisiisingizie. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama biskuti inayovunjwa, na gari likaruka mbele, jepesi. Kwa muda mfupi nilifurahi. Nilidhani tumemaliza kupanda. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona baba anarudi nyuma. Ameketi vile vile, kofia vile vile, anakwenda mbali nami ndani ya mashua yake, kimya, hadi vichaka vikamfunika.

Nilikimbia mwanangu, hata viatu sijui niliviacha wapi. Nilimkuta baba amekaa juu ya mchanga, mzima, vumbi limempaka nyusi. Mashua ilikuwa imelala ubavu, mbao za upande mmoja zimepasuka, na chumvi imemwagika nyeupe kote. Alikuwa akizipapasa zile nyufa kwa vidole, moja baada ya moja, kama anayempapasa mtoto aliyeanguka.

Kisha akaniambia nimpeleke mbele ya trela. Kulabu ya kuvutia ilikuwa bado imefungwa pale pale, salama kabisa, na nyuma yake limening'inia pande la chesisi ya gari. Chesisi ilikuwa imekatika yenyewe. Baba akalishika lile pande, likamvunjikia mkononi kama mkate uliokauka. Chini ya mafuta ya papa hapakuwa na chuma, palikuwa na kutu tupu. Akatia kipande ulimini.

"Munyu," akasema. Ndiyo chumvi kwa lugha yetu. Akatema. "Lau mimi ningemtuma Warsame anichagulie mbao za mashua, ungesemaje?"

"Ningesema umerukwa na akili, Baba."

"Na wewe gari umelinunua kwa pua."

Neno hilo hakulirudia tena maisha yake yote. Laiti angenipiga.

Habari zilipofika mjini, Warsame ndiye aliyekuja kutuvuta, na gari lake la mbuzi. Hakunicheka. Aliliinua gari la buluu kwa jeki, akatandika gunia lile lile, akanipa mimi nyundo. "Adeer, sasa lala wewe," akasema. Nikalala chini, nikagonga. Penye chuma kizima nyundo ililia. Penye kutu ilinyamaza na kuzama, na palikuwa pengi. Matope makavu ya chumvi yalinimwagikia usoni.

Mashua tuliivuta hadi kijiji cha karibu. Mbao mpya zikaletwa kutoka Kismayo, baba akazipachika kwa kupapasa, mimi nikimshikia. Kabla hatujamaliza masika ikashuka, barabara ikawa tope, na hapakuwa na gari la kupita. Tulikaa pale mvua yote, mashua imefunikwa mikeka, na kila asubuhi baba alitoka nje akaelekeza uso mahali jua linapotokea. Mwanzoni aliniambia anaona mwanga. Baadaye akawa ananiuliza kama kumekucha.

Mvua ilipokwisha, gari la Warsame lilituvuta hadi mtoni. Watu walikusanyika, wakaishusha mashua kwa nyimbo zao. Nilimshika baba mkono hadi ukingoni. Mashua ikagusa maji, ikajitikisa, ikatulia.

"Imekaaje?" akaniuliza.

Nikamwambia imekaa sawa, mbele imeinuka kidogo kama alivyotaka, na haikuegemea upande.

"Kivuli chake chaonekana majini?"

"Chaonekana, Baba."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa ameuelekeza uso wake upande ambao mashua haikuwako. Nilimshika mabega nikamgeuza taratibu, nikalia bila sauti. Nikashukuru kwamba hanioni. Kisha nikaona haya kwa kushukuru hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, zile picha zifute. Nenda ukayaone magari yenyewe, na la kwanza kuuliza si limetembea kiasi gani, uliza limekuwa likilala wapi na likifanya kazi gani. Gari lililozoea kuingia baharini liache, hata kama mwenyewe analia akiliuza. Lala chini na nyundo. Gonga chesisi yote, na zaidi kule nyuma inapofungwa kulabu, na popote palipochomelewa au kupakwa rangi mpya. Usilinunue likiwa tupu, kwa sababu likiwa tupu kila gari ni zuri. Lifunge trela lenye mzigo, lipandishe mchanga kwa gia ya nguvu, kisha simama utazame moshi wake na maji ya rejeta. Literemshe, ujue breki zake zinashika mzigo wote wa nyuma na si gari peke yake. Ukishalipata, kila likikanyaga pwani lioshe tumbo kwa maji ya kisima. Kama ni baya kwa sura, mshukuru Mungu, hakuna atakayekuomba alipeleke harusini.

Na nenda na fundi anayekijua chuma. Atakuwa si wa kwetu, pengine bahari haijui, pengine atanuka mbuzi. Mwache alale chini kwa muda anaoutaka, nawe umshikie taa. Mimi mzee wako nilimnyima mtu nafasi ya kugonga mara mbili tatu, na kwa hilo baba yangu hakuiona mashua yake ya mwisho.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, mwanangu, akulinde wewe na unachokivuta nyuma yako. Akupe jicho la kuona chini ya rangi na moyo wa kumsikiliza mgeni. Na anayekusubiri mwisho wa safari, akujaalie umfikie macho yake yakiwa bado yanaona. Amin.