Mbao Mpya za Mwalimu Notburga

Nusu ya bonde ilifundishwa kuteleza kwenye theluji na Notburga Kofler, na nusu nyingine ikafundishwa na wanafunzi wake. Ndiyo maana Jumanne ile alipoingia dukani kwa Vinzenz na fimbo yake ya hospitali, wateja wote walimpisha.

Goti lake la kushoto lilipasuliwa mwezi wa Aprili. Daktari alimwambia mlima basi. Notburga alimsikiliza kwa adabu zote, akarudi nyumbani kungoja theluji. Alitaka kitu kimoja tu: kushuka mlima wa Rosskar mara moja zaidi, kutoka kileleni hadi mlangoni pa kanisa, kabla hajafikisha sabini.

"Nataka mbao za kutelezea, za mlima mzima," alisema. "Jozi moja. Asubuhi barafu, mchana theluji iliyolainika kama uji, na msituni kukianguka theluji mpya."

"Za wanawake, Mwalimu?"

"Kwani mimi nani, padri?"

Vinzenz akacheka, akashusha nyembamba kwanza. Notburga akaitazama ncha yake tu. "Hii kwenye theluji laini itazama kama kijiko kwenye supu." Iliyofuata ilikuwa pana mno, nayo akaisukuma kando; kwenye barafu, alisema, ingemtupa uani kwa jirani. Ndipo ikaja ya upana wa kati, nyepesi, urefu wake ukimfika puani, imechorwa maua ya waridi.

"Maua ya nini? Tunateleza kwenda harusini?"

Lakini aliikandamiza kwa kiganja, akaona inavyokunjika kichwani na kukaza chini ya mguu, akaikandamiza tena. Vinzenz alikuwa mwanafunzi wake tangu akiwa na miaka minne. Alijua ameipenda.

Vikabaki vishikizo, vile vinavyobana kiatu kwenye ubao. Kila kimoja kina skrubu na namba yake. Namba ndogo humwachia mtu upesi anapoanguka. Kubwa hung'ang'ania hata kwenye kona kali, ila kukifunga hutaka mguu wenye nguvu. Notburga alikuwa mtu wa namba sita tangu ujana wake, na bonde zima lilijua. Vinzenz alikaza, akamlazia ubao sakafuni. Notburga akaingiza kiatu, akakanyaga kisigino.

Tak!

Miezi minane hakuwa ameusikia mlio ule. Machozi yakamlengalenga, akasingizia harufu ya nta ya kupaka mbao.

Kesho yake aliziweka mbao uani, kwenye theluji iliyofika kifundo cha mguu, akavaa miwani kusoma namba za vishikizo. Tatu. Akapiga simu papo hapo.

"We Vinzenz! Umeniwekea namba ya chekechea?"

"Mwalimu, nakuomba, iache hivyo hivyo."

"Nani kakutuma? Mwanangu?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi una wazimu. Kwa tatu, kona ya kwanza tu ya Rosskar mbao zinanikimbia!"

Akakata. Akachukua bisibisi, akakaza mpaka sita, akavaa viatu, akaanza na mguu wa kushoto. Kimya. Akagonga soli kuondoa theluji, kama alivyowafundisha watoto elfu na kitu, akakanyaga tena. Kimya. "Kanyaga kama unaua mende!" ndivyo alivyokuwa akiwafokea. Akajifokea mwenyewe. Paja likatetemeka, kisigino kikagoma juu ya chuma.

Akalegeza mpaka tano. Akajaribu nne, huku ameshikilia uzio kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile.

Kwa tatu, kikaingia. Tak.

Mguu usioweza kubonyeza chuma kile hauwezi kuubeba mwili wake kona hata moja ya Rosskar. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mwenyewe alikuwa amewarudisha wengi nyumbani kwa udhaifu mdogo kuliko huo. Akatoa simu mfukoni.

"Vinzenz. Ulijua."

"Nilikuona ukipanda ngazi za duka, Mwalimu."

"Sasa ukaniuzia za nini?"

"Ulikuwa unachagua vizuri sana. Nilishindwa kukukatiza."

Notburga akakata simu. Moyo ulimuuma, tena ulimuuma vibaya. Akairudisha simu mfukoni na kufunga ubao wa pili. Kisha akabaki amesimama uani, kwenye tambarare, juu ya maua yake ya waridi, akiwatazama watu wakishuka Rosskar mpaka miguu ikamfa ganzi.