Jibu Lililokaa Musoma

Naikumbuka siku moja ya msimu wa kuchuma pamba, mwanangu, nilipoteremka kwenye lori katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Bunda, nikakuta watu wamekaa chini kimya, wanawake wamejifunga khanga viunoni. Nilijua ni msiba kabla sijaambiwa. Sikujua kwamba ni msiba wa mtoto niliyemtoa damu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nakusimulia haya kwa sababu umekuja kuniaga, umepata kazi ya utafiti wa malaria, na uso wako unang'aa kama wangu ulivyong'aa wakati ule. Kaa kidogo. Basi lako halijajaa.

Nilikuwa msichana wa Butiama, nimesoma, nimepewa koti jeupe katika maabara ndogo pale Mukendo, Musoma. Tulikuwa tunavikuza vimelea vya malaria. Unaweka damu ya mgonjwa katika visahani ndani ya mtungi wa kioo, unawasha mshumaa humo humo, unafunika. Mshumaa ukizimika, hewa inayobaki ndiyo vimelea vinaipenda. Halafu unatia klorokwini, dawa ya malaria ya siku zile, unangoja, unachungulia kwenye hadubini. Tulitaka kujua kama vipo vinavyoikataa dawa, na kama ugumu huo vinawarithisha watoto wao. Niliipenda kazi ile, sikufichi. Nilikuwa naiota.

Lakini damu haitoki hewani. Tuliifuata vijijini, na watu wa vijiji vile walikuwa wametoka kuhamishwa kwenye makazi yao ya zamani. Gari la serikali likitokea, hakuna aliyelichekea. Walipoona sindano walisema sisi ni mumiani. Mama mmoja alimbeba mwanawe akakimbilia kwenye pamba. Aliyetuokoa katika kijiji kile cha karibu na Bunda ni Mzee Magesa, mtu mrefu, mwenye ng'ombe wachache na heshima nyingi.

"Huyu ni mtoto wa huku huku kwetu," aliwaambia. "Baba yake namfahamu. Mumiani gani anakuamkia shikamoo?"

Akanyoosha kidole chake kwanza. Kisha akamwita Nyabise, mke wa mwanawe Masatu, amlete mjukuu wake, Mugaya, binti mdogo aliyekuwa na homa. Nikamchoma, akalia, nikampa pipi. Zahanati ikampa klorokwini. Nami nikawaambia watu wote pale, kwa mdomo wangu, kwamba tukipata jibu tutawarudishia.

Siku chache baadaye nikachungulia damu ya Mugaya. Dawa ilikuwa imo, na vimelea vilikuwa vinazaana kama vile tumevimwagia maji. Nikarudia, nikaona yale yale. Nikakimbia kwa mkuu wa maabara.

"Hilo tunalijua tangu mwaka jana," alisema, hata macho hakuinua. "Damu tuliyopeleka Ulaya imeonyesha hivyo hivyo. Kilichobaki ni huo urithi wake."

"Zahanati zimeambiwa, daktari?"

"Ziambiwe nini kabla ripoti haijatoka? Watu waache dawa? Nyamisi, sayansi haitaki pupa."

"Na wagonjwa je?"

Akaniambia nikitoka nifunge mlango.

Asubuhi yake sikuomba ruhusa. Nilipanda lori la pamba hadi kijijini kuwaambia kwamba mtoto asiyepata nafuu apelekwe hospitali haraka akapigwe sindano ya kwinini. Ndipo nikaukuta ule msiba. Mugaya alikuwa amezikwa jana yake.

Nyabise hakuwa amekaa na wenzake. Alikuwa nyuma ya ghala la mtama, peke yake, amejifunika khanga hadi usoni. Masatu alikuwa anawaambia waombolezaji kwamba mkewe hakumpa mtoto dawa, maana dawa ile haijawahi kushindwa. Kama angemeza, angepona. Hakuna aliyembishia.

Nikamwinamia yule mama. "Mugaya alipokunywa vidonge, alijikuna?"

"Alijikuna, dada, mpaka ngozi ikachubuka. Nilikuwaga namshika mikono nalia naye."

Mwanangu, kila mtu wa kwetu wakati ule alijua klorokwini inavyowasha. Nikasimama mbele ya watu nikasema mtoto aliyejikuna vile dawa ilikuwa mwilini mwake. Mama alimpa. Ugonjwa ndio umeikataa dawa, na sisi Musoma tumeliona hilo kwa macho. Masatu akatazama chini.

Mzee Magesa akaniita kando ya zizi.

"Mlijua lini?"

"Mkuu wangu alijua tangu mwaka jana, mzee. Mimi nimejua juzi tu."

"Mkuu wako simjui," alisema polepole. "Hajawahi kukanyaga hapa. Niliyempa kidole changu ni wewe. Niliyemtetea ni wewe. Watu walisema mnachukua damu yetu mwende kufanya mambo yenu, nikawaita wajinga. Leo niwaambie nini?"

Nikaondoka na swali lake. Mpaka leo ninalo.

Nyabise alirudi kwao Butiama. Masatu alimfuata na ndugu zake kumwomba radhi. Hakutoka hata nje kuwaona. Mimi nilihamishiwa zahanati ya kisiwani Rukuba kwa kosa la kutoroka kazini na kuwatia watu hofu, na hadubini kama ile sikuigusa tena. Ripoti ilitoka. Mkuu akapanda ndege kwenda kuisoma kwa wazungu, akapigiwa makofi. Kijiji kile humo ndani kimeandikwa kwa herufi moja tu. Na surua ilipoingia, wachanjaji wakaja na sindano zao, wale watu wakawaficha watoto. Sitaki kukuambia makaburi yaliyofuata. Mzee Magesa hakuwashawishi tena.

Sasa nisikilize. Unakokwenda utapewa mashine nisizozijua mimi, utasoma urithi wa kimelea kama mtu anavyosoma barua. Soma. Lakini ukimchoma mtoto wa mtu, wewe ndiye utakayedaiwa jibu, si mkuu wako, si chuo chako. Jibu likipatikana, lifike kwanza kwa mama aliyemshika mtoto, hata kama ni jibu baya, hata kama halijapambwa. Ukiambiwa ungoje, uliza anayeumia katika kungoja huko ni nani. Na usitegemee kushukuriwa. Mimi nilisema kweli, na walionihamisha na niliowatetea wote wakanipa mgongo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona na kinywa kisichoogopa. Wasikuone mumiani. Mlango uliopigia hodi kwa sindano, ukirudi ukufungukie, na mtoto uliyemchoma akukimbilie akiwa mzima.