Muthokoi Bila Chumvi

Kalunde wa Matinyani alikuwa akisema kwamba kumlinda mtu mzima ni kazi ngumu kuliko kulinda mtama. Ndege ukimrushia jiwe huondoka. Mumewe, Mutunga, alikuwa haondoki wala hasikii.

Mutunga alistaafu mwaka wa 1988, baada ya miaka ishirini na sita ya kuendesha greda la barabara. Alirudi nyumbani na kitambi, redio, na barua ya daktari iliyosema ana presha. Barua aliikunja, akaitia ndani ya Biblia, basi. Kalunde ndiye aliyeitoa akaipeleka zahanati kumuuliza Sista Hasina, muuguzi mzaliwa wa Mwingi, presha ni kitu gani hasa.

Hasina akamwambia akunje ngumi.

"Moyo wako ni mkubwa kama hiyo ngumi. Unabana, unaachia, na kila ukibana unasukuma damu mwili mzima, hata ukiwa umelala. Sasa mishipa ikikaza, lazima usukume kwa nguvu zaidi. Miaka ikipita nyama yake inakuwa nene, halafu inachoka. Ama mshipa unapasuka kichwani, mtu anapooza upande mmoja."

"Na kabla ya hapo atasikia nini?"

"Pengine hatasikia kitu, mama. Hapo ndipo shida iko."

Kalunde alirudi na vidonge na maagizo: dawa kila siku hata akijisikia mzima, chumvi kidogo, mafuta kidogo, sigara aache, na atembee. Vita vikaanza jioni hiyo hiyo.

"Hii ni muthokoi ama ni adhabu?" Mutunga aliuliza, akiyasukuma kwa kijiko mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Kisha akachomoa kikaratasi kwenye mfuko wa shati, akanyunyiza chumvi mbele ya macho ya mkewe. Kalunde akakinyakua. Kesho yake kikatokea kingine.

Vidonge alivimeza wiki mbili. Kichwa, ambacho kilikuwa kikimgonga asubuhi, kilipotulia, akaviacha.

"Ninywe dawa ya nini na mimi ni mzima?"

"Wewe ni mzima kwa sababu ulikunywa dawa, Baba Nthenya!"

"Si unaona? Hata wewe umekubali mimi ni mzima."

Kalunde alitoka nje akasimama uani, mikono kiunoni, akamfokea kuku.

Kilichomuuma zaidi kilitoka kwa Syombua, dada ya Mutunga. "Hata mbuzi hulambishwa chumvi," Syombua aliwaambia akina mama wa kanisa, "lakini ndugu yangu ananyimwa kwake. Na hiyo presha yenyewe inaletwa na mdomo wa bibi yake." Kalunde alizipata habari hizo akiwa ametoka kuchimba matuta na kikundi chao tangu alfajiri. Alikuwa bado hajachota maji mtoni, wala hajapika vyungu vyake viwili: cha Mutunga kisicho na chumvi, na cha wengine wote, yeye mwenyewe akiwamo.

Mwaka ukaisha hivyo. Baada ya mavuno Mutunga akakubali kwenda kupimwa, lakini kwa sharti. "Wewe utaanza. Tuone hiyo mashine inasema nini juu ya mtu asiye na kitambi."

Kalunde alikaa kwenye kiti akakunja mkono wa gauni kwa madaha. Hasina akamfunga kitambaa, akajaza upepo, akasikiliza. Akarudia. Akarudia mara ya tatu.

"Mia na tisini na nane juu ya mia na kumi na mbili."

"Hiyo ni ya Baba Nthenya ya mwaka jana?"

"Ni yako, mama."

Mutunga alipopimwa, yake ilikuwa mia na sabini.

Kalunde hakulia. Alipandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. "Mwaka mzima naingia kwa huo mlango! Nauliza habari ya moyo wa mtu mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nikunje mkono!"

Hasina aliinamisha macho. "Nilikuona mwembamba, mama, mtu wa jembe. Nilikosea."

Walirudi nyumbani. Walipofika, Mutunga akamuuliza polepole, "Na wewe unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

 Kesho yake asubuhi Mutunga aliweka vidonge viwili mezani na bilauri mbili za maji.

Hakugeuka malaika. Siku za soko bado alikula nyama ya kuchoma na chumvi yake. Kalunde naye alithibitika kuwa mgonjwa mbaya: alisahau dawa akikimbilia shamba, na akikumbushwa alifoka. Mwaka wa 1991 Mutunga aliamka mkono na mguu wa kushoto havina nguvu na mdomo umevutika kando. Alipona kiasi cha kutembea kwa fimbo. Hasina alisema kwamba bila vidonge pengine wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Kalunde alijibu kwamba kama vingemezwa tangu mwanzo, fimbo isingekuwapo.

Kila mwezi waliendelea kwenda kupimwa pamoja. Kalunde alitangulia kwa hatua za haraka, akafika mbali, akageuka, akaona mumewe yuko nyuma kabisa. Akasimama juani kumngoja, akinung'unika.