Mwokoaji wa Bwawani

Afande Sule alipata kazi ya kuokoa watu bwawani kwa sababu ya sauti yake. Bwawa lenyewe, nje kidogo ya Koboko, lilijengwa kwa ajili ya umeme. Lakini ziwa lilipojaa nyuma ya ukuta, watu wa Arua wakaanza kuja Jumapili na watoto, kuku wa kuchoma, na kaptula ambazo mjini wasingethubutu kuzivaa. Ikabidi awepo mwokoaji. Sule, mwanajeshi mstaafu na mtoto wa mwanajeshi, akaitwa. Meneja Ayiko alimwuliza kama amezoea maji. Sule akajibu kwamba jeshini amevuka mito mingi. Ilikuwa kweli. Hakuulizwa kama mito hiyo ilikuwa na madaraja.

Tangu aanze kazi hakuna aliyezama, maana hakumruhusu mtu maji yampite magoti.

"Wewe wa kaptula nyekundu! Rudi nyuma! Unaenda Kongo?"

Watu walirudi. Waliokuja kuogelea walinawa miguu, wakala kuku, wakaenda zao wakiwa hai.

Kisha Ayiko akaja na habari. "Afande, wageni wakubwa wanakuja kutoka Arua. Wanataka kuona mtu akiokolewa. Mimi mwenyewe nitajitupa kutoka kwenye boti, wewe utaogelea unitoe. Kazi ndogo."

Nyumbani, mkewe Rashida alicheka mpaka akaacha kusonga ugali. "Baba Akram, wewe hata beseni likijaa unashika ukuta. Sema tu ukweli."

"Nikisema watanifukuza. Koboko nzima inaniita Mwokoaji."

"Basi itakuita marehemu."

Wageni walialikwa mchana, wakafika jioni, kama ilivyo desturi ya wageni wakubwa. Kilikuwa kiangazi. Kutwa nzima vinu vya kusaga na mashine za kuchomelea vyuma vya Koboko vilikuwa vinakula umeme, na kule ukutani maji yalikuwa yanafunguliwa yazungushe mitambo. Ziwa likashuka kimyakimya. Hakuna aliyeona; wote walikuwa wanatazama soda.

Ayiko akajitupa. Alipiga kelele vizuri, kisha vizuri mno. Mikono ikatapatapa, macho yakamtoka.

"Mama yangu! Nakufa!"

Wageni wakasifu uigizaji.

Sule akaingia mpaka magotini, miguu ikakataa amri. Kikamtoka kitu pekee alichokuwa nacho:

"Wewe! Simama! Simama wima!"

Sauti ile imewahi kusimamisha malori. Ayiko akasimama. Maji yalimfika kitovuni.

Makofi yakalipuka. Sule akamwendea, akamshika mkono kwa heshima zote.

"Afande," Ayiko akanong'ona huku akitema maji, "mbona hukuja kuogelea?"

Sule akaiona kazi ikimponyoka. "Bwana meneja, mimi kuogelea hapana jua."

Ayiko akawatazama wageni, kisha akamtazama yeye. "Sema polepole, ndugu yangu. Hata mimi."

Wakatoka majini wameshikana kama maharusi. Ukingoni mgeni mmoja, mama mwenye miwani mikubwa, alikuwa anahangaika na simu yake.

"Samahani, mimi sikupata picha. Mnaweza kurudia? Lakini safari hii pale kwenye kina."

Sule akavuta pumzi na kutangaza, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya ziwa, kwamba bwawa limefungwa.