Aliyekanyaga cha Mwenziwe

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, pale Mtopanga, Kisauni, Mombasa, kulikuwa na maji ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuyakanyaga. Yalikuwa maji aliyooshewa mguu Mama Kache, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Bibi yangu mzaa baba, Mama Charo kwa majirani, ambaye sisi tulimwita Hawe kama wafanyavyo watu wetu wa Kilifi, ndiye aliyemwosha kila alasiri, na ndiye aliyeyamwaga nyuma ya choo, mahali pasipopita mtu. Akishamwaga huchukua jembe akafukia kwa mchanga. Mpira wetu ukiangukia huko tuliuacha hadi kesho yake.

Mguu wenyewe ulikuwa wa kulia. Kuanzia gotini kwenda chini ulivimba hata kifundo hakikuonekana, na ngozi yake ilikuwa nene, yenye mikunjo. Watu wazima walijua jina la ugonjwa ule, matende, lakini sikumbuki kulisikia likitamkwa mtaani. Walisema amekanyaga. Na aliyetaka kumaliza maneno kabisa alisema amekanyaga cha mwenziwe.

Hadithi hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Babu, enzi za uhai wake, aliazimia kuoa mke wa pili. Asubuhi ile bibi harusi alipokuwa aletwe kuonyeshwa nyumba, Mama Kache alitangulia kuja kwetu kuazima chekecheke ya unga. Pale kizingitini akakanyaga kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheusi na uzi mwekundu, kikapasuka chini ya unyayo wake kama yai. Mwanamke yule wa pili akasikia habari hizo na hakuja tena. Miaka miwili haikupita, mguu wa Mama Kache ukaanza kujaa. Mtaa mzima ukakubaliana kwamba watu wa yule mwanamke walimtegea Hawe, na jirani akaponzwa na chekecheke.

"Ilikuwa yangu, ikampata yeye," Hawe alikuwa akisema.

Basi akabeba mzigo ule kwa mikono yake miwili. Kila baada ya saa tisa alichukua beseni la maji baridi na kipande cha sabuni akaenda. Aliosha taratibu, mkunjo kwa mkunjo, kisha akakausha kwa kipande cha leso kuukuu katikati ya kila kidole, maana Mama Kache alikuwa mnene na nyonga yake ilikaza, mkono wake haukufika huko. Halafu akampaka mafuta ya nazi, kutoka vidoleni kwenda juu. Kushuka ilikuwa haramu. Alisema ukikishusha kitu kile kitarudi ardhini kungojea mguu mwingine. Akimaliza aliuinua mguu juu ya mto uliokunjwa mara mbili na kumwambia auzungushe unyayo, huku na huku, kitu kisipate kulala. Asubuhi alimtembeza hadi bombani na kumrudisha, kwa sababu hiyo hiyo. Na huyo Hawe, mjue, alikaa mstari wa mbele kanisani kila Jumapili, na kwaya ilikuwa haianzi kabla hajakohoa.

Siku moja wakaja shuleni akina mama wawili wa afya na mkoba wa vidonge. Walitubandikia ubaoni picha ya mguu. Nilishtuka, maana ulikuwa mguu wa Mama Kache kabisa. Wakatueleza kwamba ni mbu. Mbu anakuuma, anakuachia vijidudu vyembamba kama nyuzi, navyo vinakwenda kuziba njia za maji ya mwili, hizo ambazo madaktari huziita limfu. Maji yakikosa pa kupita, mguu unajaa. Hakuna aliyetega, hakuna aliyekanyaga.

Nilimeza vidonge vyangu na kungojea kengele kwa kiherehere kilichonitoa jasho. Nilikuwa nimebeba habari njema kuliko zote zilizowahi kuingia nyumbani kwetu. Hawe hana hatia. Nilikimbia njia nzima, mkoba ukinipiga mgongoni, nikawakuta kibarazani kwa Mama Kache, Hawe amechuchumaa, mikono imo ndani ya beseni. Sikusalimia hata. Niliyamwaga yote kwa mkupuo mmoja, mbu, nyuzi, njia za maji, picha ubaoni.

Mikono ya Hawe ilisimama ndani ya maji. Nilingoja acheke, au alie, au amshukuru Mungu.

"Najua," alisema Mama Kache.

Hawe aliinua uso. "Unajua nini?"

"Kuwa ni mbu. Niliambiwa hospitali zamani, huyu mtoto hajazaliwa."

Hawe alimwuliza, kwa sauti ndogo sana, mbona hakusema. Mama Kache alitazama pembeni. Alisema mumewe alikuwa ameshaondoka, na ndugu zake walikuwa hawataki hata kukalia kiti alichokalia.

"Siku ya kwanza ulipokuja na beseni, nilitaka kukwambia, Mama Charo. Ukaniosha. Siku ya pili sikutaka tena."

Hawe alisimama, akajipangusa mikono kwa leso yake, akaenda zake. Aliuacha mguu ule na povu. Nilibaki nimeduwaa, mtoto wa miaka kumi, nisijue nimevunja nini ila nikijua nimevunja. Mwishowe niliteka maji kwa kikombe nikasuuza lile povu mwenyewe. Ndipo nilipougusa kwa mara ya kwanza. Nilidhani utakuwa wa baridi kama nyama ya mzoga, na ulikuwa na joto, mguu tu wa mtu.

Siku nne zilipita Hawe asivuke ukuta. Hakula vizuri, na mama alipomwuliza alisema tumbo. Mimi nikapigwa marufuku kwenda. Siku ya tano mama alinituma kwa siri nipeleke uji. Nilimkuta Mama Kache amejifunika blanketi adhuhuri, jua la Kisauni likichoma mabati, naye anatetemeka hadi kitanda kinalia. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka na kutoa majimaji. Mguu ulikuwa mwekundu na umejaa kuliko nilivyowahi kuuona, na chumba kilinuka harufu ambayo haikuwahi kuwamo siku zote za beseni.

Nilirudi mbio. Hawe alikuwa anachambua mchicha.

"Hawe, anakufa," nilisema. "Na ni mimi."

Alimwita baba, na baba akaleta tuktuk, akampeleka zahanati. Huko baba aliambiwa kwamba mguu wa namna ile ukiacha kuoshwa na kukaushwa, hata kijidonda kidogo huwa mlango wa vijidudu, na homa yake huweza kuua. Mama Kache akadungwa sindano na kupewa dawa. Aliporudi alasiri akishikiliwa na baba, Hawe alikuwa amekaa kizingitini kwa Mama Kache na beseni.

Hawe aliuchukua mguu ule akaulaza mapajani mwake na kuanza kuosha. Nilisimama karibu nimeshika leso ya kukaushia.

"Mama Kache," alisema Hawe bila kuinua macho, "kile kitu sikutegewa mimi. Nilikitega mimi. Nilimtegea yule mwanamke. Miaka yote hii nimekuosha nikijua ni kazi ya mkono wangu, nawe neno la kunipumzisha ulikuwa nalo mdomoni."

Leso ilinianguka. Nimeishi sana tangu siku ile, nimeona misiba na vituko, lakini sijawahi kushtuka namna hiyo tena. Hawe wangu, wa mstari wa mbele, akiamka gizani na kufunga uzi mwekundu.

Mama Kache alimtazama utosini kwa muda mrefu. Nilidhani atauvuta mguu, au atapiga kelele watu wajae.

"Kumbe ulitaka kumlemaza mtoto wa watu," alisema.

"Nilitaka."

Maji yalisikika yakidondoka ndani ya beseni. Kuku alipita, akarudi. Mama Kache akashusha pumzi.

"Kidole cha mwisho hujakifikia," alisema.

Hawe akakifikia. Alimwosha miaka mingine minane, hadi alipofariki yeye kwanza, na sikuwahi kusikia jambo lile likitajwa tena na yeyote kati yao. Mguu haukupona, matende ya namna ile hayarudi nyuma, lakini haukupasuka tena.

Leo mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Mikindani. Katika mafunzo tulielezwa kwamba maji ya limfu hayana moyo wa kuyasukuma kama damu. Husukumwa na misuli tukitembea, tukizungusha unyayo, tukivuta pumzi ndefu, ndiyo maana mguu hukandwa kwenda juu na kuinuliwa, na usafi ndio ngao yake. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na daftari langu, machozi yakinilenga. Hawe alikuwa amepatia karibu kila kitu isipokuwa sababu.

Bado nawaambia watu habari za mbu. Ni kweli, na wanastahili kuijua. Lakini nikiingia nyumba yenye mguu kama ule sianzi na mbu tena. Naogopa lisije likasimamisha beseni la mtu. Nauliza kwanza ni nani anayeuosha. Wengi huinamisha kichwa. Basi huvua saa yangu, nikakunja mikono ya gauni, nikaomba beseni.