Siku Nilipomkana Popi Njiani Kwenda Gulioni

Sitawaficha, kuna jambo nililifanya ambalo mpaka leo nikipita gulioni nainamisha kichwa, na kama msingekuwa watu wangu wa karibu nisingeanza hata kulisimulia.

Kijijini kwetu huku juu milimani tulipitisha sheria ndogo ya mbwa, baada ya mtoto mmoja kung'atwa akienda shule. Kuanzia asubuhi mpaka jioni kila mbwa afungwe nyumbani kwao, kamba iwe ndefu, pawe na kivuli na maji. Akikutwa anazurura, mwenyewe anakwenda kusafisha ndiva siku mbili (ndiva ni lile bwawa letu la maji ya kumwagilia mashamba, na tope lake linanuka). Siku ya kupitisha niliinua mkono kwa sababu kila mtu aliinua, na mimi siwezi kukaa peke yangu mkono uko chini watu wananitazama.

Sasa asubuhi hiyo mama alitangulia gulioni, akaniachia kiroba cha tangawizi nimpelekee, nikatafuta kamba ya kufungia mdomo wa kiroba nikakosa, nikaona si neno, nikamfungua mbwa wetu Popi nikachukua ya kwake, nikamwambia "kaa hapa," naye akakaa, kumbe ananisubiri nigeuke tu.

Kona ya kwanza nikakutana na mtendaji wa kijiji, dada mmoja mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma mwezi huo huo, yuko na mgambo mgeni anayetoka Bendera, kijiji cha kule chini tambarare. Wote wawili walikuwa hawanijui. Na Popi huyo nyuma yangu, mkia haukai.

"Kijana, huyu mbwa wako?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini akilini nikaliona lile tope la ndiva, nikawaona watu wamesimama ukingoni wananitazama, na kabla sijajua nimeshajibu.

"Hapana. Simjui."

"Basi hana mwenyewe," mtendaji akasema. "Bwana mifugo yuko gulioni leo kwa ajili ya wasio na wenyewe. Jioni anawamaliza."

Jamani! Hapo ndipo ningepaswa kufungua mdomo. Nikajiambia nitasema kwenye kona inayofuata (njia yetu ina kona nyingi, na kila moja niliisukumia kwa mwenzake). Mgambo akataka kumkamata Popi, Popi akajificha katikati ya miguu yangu.

"Huyu amekupenda wewe," mgambo akasema. "Tuazime hiyo kamba ya kiroba. Mfunge, umlete."

Basi nikamfunga Popi kwa kamba yake mwenyewe, kichwani nina kiroba kilicho wazi mdomo, na yeye anatembea kwa furaha, anafikiri nimemchukua matembezi.

Wa kwanza kutuona alikuwa Mzee Elia, fundi viatu. "Popi! Leo umevaa tai, unakwenda kuoa?"

Mtendaji akasimama. "Shikamoo mzee. Unamfahamu huyu mbwa?"

"Marahaba." Mzee akanitazama usoni, akaelewa, akataka kuniokoa. "Aa, mimi mbwa wote nawaita Popi."

Mbele kidogo watoto wakapiga kelele, "Popi! Popi!" Kisha muuza dagaa akamrushia vichwa viwili kama kawaida yake, hata hakuinua macho.

"Huyu mbwa asiye na mwenyewe," mtendaji akasema taratibu, "ana marafiki wengi kunizidi mimi."

Mgambo akacheka. Mimi nikajifanya naweka kiroba sawa kichwani.

Tukafika gulioni, na mama akaniona kwa mbali. "Mbonea! Mbona unamkaza shingo hivyo, amekuibia nini?"

"Shikamoo mama," mtendaji akamwambia. "Huyu ni wa kwenu?"

"Marahaba mwanangu. Wa kwetu, sasa awe wa nani? Alipoletwa mdogo alikuwa analala godoro moja na huyu kijana wangu, asubuhi hatujui nani amekojoa."

Gulio zima likacheka. Mtendaji akanigeukia. "Wewe si ulisema humjui?"

Nami, badala ya kunyamaza, nikajibu, "Nilikuwa sijamwangalia vizuri."

Mgambo alikaa chini kwa kicheko. Mimi nikainamisha kichwa kwa aibu, kiroba nacho kikainama, tangawizi zikamwagika zikabingirika mpaka kwenye nyanya za watu, Popi akazikimbilia akidhani ni mchezo, kamba ikanivuta, nikapiga magoti mbele ya kila mtu.

Mama peke yake hakucheka. Aliuliza mbwa alikuwa anapelekwa wapi, mtendaji akamweleza. Mama akaniangalia.

"Ungemwacha?"

Nikaanza kuokota tangawizi. Ningependa kuwaambia kwamba nisingemwacha, lakini njia nzima ilikuwa imekwisha na sikuwa nimesema kitu.

Mtendaji akafungua daftari. "Haya, namwandika nani?"

"Niandike mimi," mama akasema, akaanza kukaza kanga kiunoni kana kwamba ndiva iko pale pale, na goti lake bovu mnalijua. Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka.

"Ni wangu. Anaitwa Popi. Mimi ndiye niliyemfungua."

Nilisema kwa nguvu mpaka mwenyewe nikashtuka.

Ziliandikwa siku mbili, mtendaji akaongeza ya tatu kwa ajili ya uongo, nikaona ni haki. Ndivani watu walisimama ukingoni kama nilivyoogopa, wakacheka, wakachoka, wakarudi makwao, na tope halikuniua.

Kinachoniuma ni kingine. Kila asubuhi namfunga Popi chini ya mparachichi, kamba ndefu, maji pembeni, naye ananilamba mikono huku nampigia fundo. Angeninunia hata siku moja ningepata nafuu. Ile hofu yangu ya macho ya watu haijapona, lakini nimejiapia: nikiulizwa tena huyu ni wa nani, nitajibu kabla swali halijaisha, hata kama ni kwa kunong'ona.